Marubani wakipiga soga, abiria aogope?

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mwezi uliopita nilisafiri Dar kwenda Mwanza kwa ndege ya asubuhi, nikapangiwa kiti cha mbele kabisa. Tukiwa bado tunapanda, mlango wa chumba cha rubani ulikuwa wazi. Nikawasikia wakibishana Simba na Yanga, wanacheka, na mmoja ameshika simu. Tukiwa hewani, mmoja akatoka kwenda msalani, mhudumu akaingia ndani na mlango ukafungwa. Sikupata raha mpaka tunatua. Hivi wanaruhusiwa kupiga soga kazini? Na wakiwa kule ndani nani anawaona? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Nianze na lile la msalani kwa sababu ni jepesi. Mhudumu hakuingia kupiga porojo. Tarehe 24 Machi 2015 rubani msaidizi wa ndege ya Germanwings alimfungia nje kapteni wake aliyekuwa ametoka kidogo, akaipeleka ndege mlimani huko Ufaransa, watu 150 wakafa. Baada ya hapo makampuni mengi yaliweka utaratibu kwamba rubani mmoja akitoka, mtu mwingine anaingia, ili asibaki mtu peke yake. Wengine wameulegeza baadaye, wengine bado wanaushika. Ulichokiona ni utaratibu unaofanya kazi, ingawa ukiwa kiti cha mbele unaonekana kama mtu anakwenda kuketi barazani.

Sasa soga. Nimekaa kwenye viti vile miaka mingi, na tangu nistaafu kuruka nafundisha vijana hapa Dar namna ya kufanya kazi wawili ndani ya chumba kidogo. Nitakuambia kitu ambacho huenda hukutarajia: mimi namwogopa zaidi rubani asiyezungumza na mwenzake kuliko wale wawili wa Simba na Yanga. Kila kitu kinategemea wanazungumza saa ngapi, na kama mdogo anaweza kumkatisha mkubwa.

Saa yenyewe ina mipaka. Mwaka 1981 Marekani waliandika kanuni ambayo leo imeenea karibu kote: ndege ikiwa inatembea ardhini, ikiruka, ikitua, na ikiwa chini ya futi 10,000, ndani ya chumba cha rubani hakuna maneno wala shughuli isiyohusu kuirusha ndege hiyo. Hakuna chai, gazeti wala habari za nyumbani. Mhudumu naye hapigi simu kuuliza kama kapteni atakula kuku au samaki. Hapa kwetu kila kampuni inaweka taratibu zake katika kitabu cha uendeshaji ambacho lazima kipite mikononi mwa TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga nchini, na humo utakikuta kipengele hiki. Kwenye mazungumzo ya kazi tunakiita tu "steraili", kama vyombo vya chumba cha upasuaji.

Kanuni hiyo ilizaliwa msibani. Tarehe 11 Septemba 1974 ndege ya Eastern Air Lines, DC-9, ilikuwa inashuka kwenda Charlotte, North Carolina, asubuhi yenye ukungu. Kinasa sauti kilipochimbuliwa kwenye mabaki, wachunguzi wakawasikia marubani wakizungumza siasa na biashara ya magari yaliyotumika, kisha wakitafuta kwa macho mnara wa bustani moja ya michezo iliyokuwa karibu. Wakati huo ndege ilikuwa chini kuliko inavyopaswa na hakuna aliyekuwa anahesabu futi. Kati ya watu 82 walikufa 72. Marubani wale hawakuwa walevi wala wageni wa kazi. Walikuwa watu wazima wenye uzoefu, wanaongea kama wewe na mimi tungeongea kwenye daladala ya Tabata foleni ikikwama.

Hesabu nyepesi itakuonyesha kwa nini dakika hizo ni ghali. Ndege inayoingia hapa Julius Nyerere ikitokea upande wa bahari inapita juu ya Kariakoo, kisha Buguruni. Ukiwa juu ya Kariakoo umebakiwa na futi elfu moja na mia kadhaa na dakika kama mbili. Ndani ya dakika hizo magurudumu yawe yameteremka na kufungika, flapu, zile mbao za nyuma ya bawa, ziwe mahali pake, mwendo uwe sawa, na mnara wa kuongozea uwe umekupa ruhusa ya kutua. Kwenye makampuni mengi, ikifika futi 1,000 na jambo moja halijatulia, unaondoka, unazunguka, unaanza upya. Hadithi fupi ya kufunga goli inachukua sekunde arobaini. Toa sekunde hizo kwenye dakika mbili uone kinachobaki.

Ila usiishike ile 10,000 kama aya ya msahafu. Kanuni yenyewe ya Marekani inaacha nje safari iliyokwisha kutulia kwenye kimo chake hata kama kimo hicho kiko chini ya hapo. Ukipanda ndege ndogo ya Zanzibar, haipandi zaidi ya futi elfu chache. Imemaliza kupanda, inaanza kushuka. Rubani mwenye akili haanzi kuuliza kama hapo katikati anaruhusiwa soga, ananyamaza mpaka Unguja. Na upande wa kaskazini, mlima Meru una mita 4,566, karibu futi 15,000, na Kilimanjaro ni zaidi ya futi 19,000. Ukiwa unashuka KIA, uwanja wa Kilimanjaro, usiku, kusubiri futi 10,000 ndipo unyamaze ni kuchelewa. Mimi nilikuwa nanyamaza mapema zaidi, na rubani msaidizi akiniuliza kulikoni, namwonyesha mlima kwenye ramani.

Kwa hiyo wale wa kwako, wakati abiria bado mnapanda ngazi, ndege imeegeshwa na magurudumu yamewekewa vizuizi, hawakuvunja kitu. Tena mabishano yale yana kazi yake. Watu wawili ambao huenda ndiyo kwanza wamekutana alfajiri ile wanapimana sauti: huyu anataniwa? Anajibu? Akikosea anacheka au ananuna? Kapteni anayemwacha kijana wake amkoromee kuhusu Yanga saa kumi na mbili asubuhi amemfungulia mlango wa kumkoromea kuhusu jambo kubwa saa moja. Na usiku, kwenye safari ndefu kama Dar kwenda Guangzhou, futi 37,000, bahari nyeusi chini na taa za chumba zimepunguzwa, maongezi ndiyo kahawa. Ukimya wa saa tano unaleta usingizi, na usingizi hauombi ruhusa.

Ile simu, sasa, naikunjia uso kidogo.

Inawezekana kabisa alikuwa anasoma uzito wa mizigo au hali ya hewa ya Mwanza. Siku hizi mengi yanakuja kwa tableti na simu. Inawezekana pia lilikuwa kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, mtu ameandika "mchango wa mwisho Ijumaa". Kwa sheria ya kifaa, ndege ikiwa imesimama hajavunja kitu. Kwa sheria ya kichwa, mambo ni mengine. Kichwa hakizimi pamoja na simu. Simu inaingia mfukoni, mchango unabaki akilini mpaka mwisho wa njia ya kurukia.

Wamarekani walijifunza hili kwa aibu, kwa bahati nzuri bila kifo. Tarehe 21 Oktoba 2009 Airbus A320 ya Northwest ilitoka San Diego kwenda Minneapolis na abiria 144. Marubani walifungua kompyuta zao za mkononi kuchambua mfumo mpya wa kupangiwa zamu, jambo la kazi tena, si filamu. Kwa zaidi ya saa moja waongoza ndege waliwaita bila jibu. Walipita mji waliotakiwa kutua kwa zaidi ya kilomita 150. Ni kama kupanda ndege ya Mwanza ukazinduka juu ya Bukoba. Aliyewashtua ni mhudumu, aliyepiga simu ya ndani kuuliza watatua saa ngapi. Wote wawili walifutiwa leseni, na kuanzia mwaka 2014 sheria ya huko inakataza rubani kutumia kifaa chake kwa mambo binafsi akiwa kwenye kiti cha kazi, hata ndege ikiwa juu na imetulia.

Watu wakisikia visa hivi wanafikiri adui ni mdomo. Mimi nasema adui mkubwa zaidi ni kukatishwa.

Nikupe la kwangu. Nilikuwa rubani msaidizi kijana, ndege ya viti 19, tunakwenda Mtwara. Kapteni, mtu mzima na mcheshi, alikuwa ananisimulia kiwanja chake cha Bunju kilichovamiwa na shemeji yake. Tunashuka, mimi nasoma cheklisti, ile orodha ya ukaguzi, kwa sauti, mstari kwa mstari, yeye anajibu. Nikafika karibu na mstari wa magurudumu, akakumbuka kipande kitamu cha hadithi: shemeji alikuwa amekwisha kupanda migomba. Nikacheka. Sikucheka kwa sababu ya migomba. Nilicheka kwa sababu yeye ni mkubwa na mimi ni mdogo. Kidole changu kilikuwa juu ya karatasi, na kwa kicheko kile kikateleza. Niliporudi kwenye karatasi nikaanza mstari mmoja chini ya ule niliouacha.

Mstari mmoja tu. Tulikuwa na futi kama 500 pale honi ya onyo ilipolia chumba kizima: magurudumu bado yako juu. Kapteni akasukuma mafuta, tukapaa, tukazunguka, tukatua salama. Kule nyuma abiria walidhani tunawaonyesha bahari. Hakuna aliyetusema, wala sisi hatukumwambia mtu, na hilo la kunyamaza ndilo ninaloona aibu nalo mpaka leo kuliko lile la magurudumu.

Tangu siku ile, nikikatishwa katikati ya cheklisti sirudi nilipoishia. Narudi mwanzo, hata kama mwenzangu anaguna. Vijana ninaowafundisha wananiita "mzee wa mwanzo", na si kwa kunisifu.

Kwangu mimi kulikuwa na honi, na honi ilifanya kazi. Detroit, tarehe 16 Agosti 1987, haikuwa hivyo. Ndege ya Northwest, MD-82, ilibadilishiwa njia ya kurukia ikiwa tayari inatembea ardhini. Marubani wakaanza kutafuta njia mpya, kufanya hesabu mpya, wakaipita orodha ya ukaguzi wa wakati huo. Flapu, zinazosaidia ndege kunyanyuka kwa mwendo mdogo, hazikuteremshwa. Onyo lililopaswa kulia halikupata umeme. Walikufa watu 156, wawili kati yao wakiwa chini ardhini, na akapona mtoto mmoja wa miaka minne. Kilichowaponza ni shughuli halali ya kazi iliyoingia katikati ya shughuli nyingine ya kazi.

Sisi tunacho chetu, cha nafuu. Tarehe 18 Desemba 2013 Boeing 767 ya Ethiopian ilikuwa inakwenda KIA. Njia ya pale ilikuwa imezibwa na ndege ndogo iliyopata hitilafu, kwa hiyo wakawa wanasubiri angani. Hatimaye wakatua, ila kwenye uwanja wa Arusha, kilomita 50 hivi kutoka hapo. Njia zote mbili zimelala mashariki kwa magharibi. Tofauti ni kwamba ya KIA ina mita 3,600 na ya Arusha ilikuwa na kama 1,600. Hakuna aliyeumia, na watu wa Kisongo walipata cha kupiga picha wiki nzima. Ukiwa na mambo mengi kichwani, jicho likishaamua kwamba ule ndio uwanja, linakuwa kama mtu aliyeamua kwamba yule anayekuja njiani ni shangazi yake: anaanza kupunga mkono kabla hajaona uso.

Nirudi kwenye ile shikamoo yako, kwa sababu ndiyo inayoninyima usingizi kuliko simu na soga.

Wewe umenipa shikamoo nami nimeitika marahaba, na ni vizuri. Kijana wangu wa mkono wa kulia naye ananipa asubuhi. Nusu saa baadaye anatakiwa aweze kuniambia, mbele ya kinasa sauti, kwamba nimekosea. Nisipomsikia, aseme tena kwa ukali. Nisipomsikia tena, achukue usukani. Ni nani kati yetu alilelewa kumfanyia hivyo mtu wa umri wa baba yake? Watu wa pwani tuna adabu ya kuzunguka. Hatumwambii mkubwa "unapotea", tunasema "sijui, labda mzee umeona jambo ambalo mimi sijaliona". Barazani ni ustaarabu. Kwenye futi 800 maneno yote hayo ni mengi mno.

Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliruka kutoka Douala, Kamerun, kwenye giza na mvua. Iliondoka hata bila ruhusa ya mnara. Ikaanza kuinamia kulia polepole. Kapteni akatamka kwamba otopailoti, mtambo wa kuirusha ndege yenyewe, ishike, lakini haikuwa imeshika, na kwa karibu dakika moja hakuna mkono uliokuwa unaiongoza ndege ile wala jicho lililokuwa likisoma ala. Ilianguka kwenye mikoko, si mbali na uwanja, watu wote 114 wakafa. Ripoti ya uchunguzi ilitaja rubani kupoteza hisia ya juu na chini gizani, na ikagusa ushirikiano dhaifu kati ya wawili wale. Kila ninapoifundisha ajali hii darasani panakuwa kimya, kwa sababu kila mmoja anamjua kapteni wa aina ile na rubani msaidizi wa aina ile, na anajua yeye ni yupi.

Ndiyo maana tunawapa maneno ya kukariri. Anayerusha anarusha tu. Yule mwingine kazi yake ni kutazama na kutamka: mwendo, kimo, mwinamo. Anatamka kama kondakta anavyotaja vituo, bila kuomba radhi, kwa sababu sentensi imeandikwa kitabuni na siyo yake. Neno la kitabuni linamsaidia mdogo asionekane mjeuri. Nimeona binti wa miaka 24, mpole kama maji ya mtungini, akimwambia kapteni wa miaka 58 kwenye simuleta, ile mashine ya mazoezi inayoiga ndege, "zunguka", kapteni akazunguka, kisha walipotoka nje akampisha mlangoni kwa heshima zote.

Jambo la wahudumu halafu nikuachie. Steraili haina maana ya kufunga midomo yote. Tarehe 8 Januari 1989, Uingereza, Boeing 737 ya British Midland ilipata hitilafu ya injini ya kushoto. Marubani wakazima ya kulia, nzima. Kapteni akawatangazia abiria kwamba tatizo lilikuwa kulia. Kule nyuma kulikuwa na watu, abiria na wahudumu, walioona kwa macho yao cheche upande wa kushoto, na hakuna aliyepeleka habari mbele. Walikufa 47 pale Kegworth, kando ya barabara kuu. Kwa hiyo ukiona moto, moshi, au mlango usiokaa sawa, mwambie mhudumu hata kama ndege inakimbia kuruka, na yeye anajua kwamba hilo si soga. Ukitaka blanketi, subiri.

Na nani anawaona? Wakati wenyewe, wanaonana wao kwa wao. Baada ya hapo kuna zaidi ya unavyodhani. Kinasa sauti kinashika kila neno, vya zamani kwa dakika 30 au saa mbili, vipya kwenye ndege kubwa kwa saa 25, ingawa hakisikilizwi ovyo. Kimewekwa kwa ajili ya uchunguzi. Kwenye ndege kubwa data za safari hushushwa na kusomwa: ukiingia kwa mwendo mkali Mwanza leo, kesho kutwa ofisi ya usalama inakupigia. Mara kwa mara mkaguzi anapanda na kukaa kiti cha nyuma yao na daftari, na simuleta inawarudisha shule kila baada ya miezi michache.

Ukiona kitu ambacho kweli hakikai sawa, si cha ngazini bali cha ndege ikiwa imeanza kutembea, usikipeleke kwenye kundi la mtaa. Andika namba ya safari, tarehe, saa, kiti chako na ulichokiona kwa macho, uache ulichokidhania. Peleka kwa ofisi ya usalama ya kampuni au TCAA. Kisa cha simu yako ningekiacha. Kisa cha mlango kuwa wazi ndege ikiwa inatembea, ningekiandika jioni hiyo hiyo.